Je, Wajua? Korona na Homoni za Watoto

Je, wajua kwamba mlango ambao virusi vya korona hupitia kuingia mwilini, uitwao ACE2, haupo kwenye mapafu peke yake? Umeonekana pia kwenye kongosho, panapotengenezwa insulini, na kwenye tezi ya shingo inayosimamia ukuaji wa mtoto.

Januari 2022 taasisi ya afya ya Marekani, CDC, ilieleza kuwa waliougua korona wakiwa chini ya miaka 18 walikutwa na ugonjwa wa sukari mara nyingi kuliko wenzao, hata baada ya siku 30 kupita. Watafiti wa Uskoti walipohesabu kwao waliona ongezeko ndani ya siku 30 za mwanzo tu, kisha basi. Wanasayansi bado wanavutana.

Kisichobishaniwa ni kingine, na ndicho kinachoniuma zaidi. Mwaka 2020, katika nchi kadhaa, watoto wenye sukari walifikishwa hospitali wamechelewa, damu imeshajaa asidi, kwa kuwa wazazi waliogopa korona. Hapa Goma uoga huo tunaujua: korona ilitukuta Ebola haijaondoka Kivu Kaskazini, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Dalili za sukari ni hizi: mtoto anakunywa maji bila kukata kiu, anarudia kukojoa kitandani hali alishaacha, anakonda, anahema kwa nguvu. Mtaani Birere watasema ni malaria, wengine watasema amelishwa sumu ya karuho. Tone moja la damu ya kidoleni kwenye kipimo cha sukari hutoa jibu kwa sekunde chache. Mama, baba, kiombeni kipimo hicho siku hiyohiyo. Bila insulini mtoto huyo hana muda.

Italia nako, mwaka huohuo, madaktari waliona wasichana wengi kuliko kawaida wakiota matiti kabla ya miaka 8. Vinavyoshukiwa zaidi ni uzito ulioongezeka na kukaa ndani shule zikiwa zimefungwa.

Na je, wajua kwamba homoni za watoto wa ziwa letu la Kivu zilichunguzwa zamani? Miaka ya 1960 madaktari Wabelgiji walikwenda kisiwa cha Idjwi, ambako rovu lilienea na watoto wengine walizaliwa na akili iliyodumaa. Iodini ilikuwa haba, na muhogo usiolowekwa vya kutosha uliizuia tezi ya shingo kuipata hata ile kidogo. Sindano ya mafuta yenye iodini ilishusha rovu hilo.