Fahamu: Kwa nini vikwazo huuma zaidi mji wa kiwanda kimoja

Vikwazo vya nchi za Magharibi dhidi ya Urusi, baada ya uvamizi wa Ukraine Februari 2022, havikuibana mikoa yote sawasawa. Tolyatti, mkoani Samara, ni mji unaotegemea kiwanda cha AvtoVAZ kinachounda magari ya Lada. Vipuri vya kielektroniki kutoka nje vilipokosekana, mitambo ilisimama. Mei, Renault ya Ufaransa, iliyokuwa mmiliki mkuu wa kiwanda hicho, ikajitoa. Juni, Lada Granta ilianza kuundwa tena, safari hii bila mifuko ya hewa wala breki za ABS. Yaani pengo la vipuri lilibebwa na usalama wa abiria. Kiwanda kikilala, mshahara hupungua, maduka hukosa wateja na mapato ya kodi ya mkoa hushuka. Sasa vipuri vingi vinatoka China. Utegemezi umehama tu, haujaisha.