Mkutano Mkubwa wa Watu 42

Kosa lililonigharimu kuliko yote katika kazi yangu ya kuandika mabango lilikuwa la silabi moja. Chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Tanga kiliniagiza bango la kitambaa, mita 4. Karani alinitajia maneno kwa mdomo, nami kwa kujiamini sikuyaandika popote. Nikarudi kibandani, nikachora kwa rangi ya bluu: MKUTANO MKUBWA WA MWAKA. Asubuhi mwenyekiti akaja, akalitazama bango, kisha akanitazama mimi.

“Fundi, huo ukubwa umeuona wapi? Wanachama wangu ni 42.”

Hakunilipa mpaka nilipoandika upya, tena kwa kitambaa changu.

Haki ilikuwa yake. Mkutano mkubwa unaupima kwa viti. Mkutano mkuu ni ule wenye mamlaka: unapitisha hesabu na kuchagua viongozi, hata kama waliohudhuria wanaenea kwenye mkeka mmoja chini ya mwembe. Tangu siku ile, kila ninaposhika brashi najiuliza kwanza kama kitu ninachokitaja kinapimika kwa rula. Barabara kuu inaweza kuwa nyembamba na yenye mashimo. Katibu Mkuu anaweza kuwa mwembamba kama ufito, na hakuna atakayemwita Katibu Mkubwa.

Neno hilo, -kuu, ni la kale. Waganda wanasema -kulu, Wazulu wanasema -khulu. Kiswahili kimeimeza ile l, kama kilivyofanya kwa maneno mengi, ikabaki kuu. Na lina vituko vyake. Mtu mkuu anaheshimiwa, lakini mtu mwenye makuu anaepukwa, na sifa nzuri kabisa unayoweza kumpa tajiri hapa mtaani ni kwamba hana makuu. Kifua kikuu nacho si cha kujivunia.

Kubwa nalo si la rula tu, nisije nikawadanganya. Mama yangu mkubwa hakufika begani kwa mama yangu mdogo. Ukubwa wake ulikuwa wa kutangulia kuzaliwa, na alipoingia chumbani yule mrefu ndiye aliyempisha kwenye kiti. Halafu kuna bango nililowahi kuandika la bei za choo cha stendi, haja ndogo bei yake, haja kubwa bei yake. Hapo neno kuu halithubutu kusogea.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye kulikuza jina lenyewe, bila kuongeza neno la pili. Unalivua kiambishi chake, na likibaki fupi mno unalivika ji au j. Mlango unakuwa lango, kikapu kinakuwa kapu, nyoka anakuwa joka, nyumba inakuwa jumba. Sultani Barghash alipojenga kasri lake la Beit al-Ajaib kwenye ufukwe wa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1883, watu hawakuliita nyumba. Waliliita Jumba la Maajabu, na hata sehemu yake ilipoporomoka Desemba 2020 jina halikupungua. Mji nao huwa jiji kwa njia hiyohiyo, isipokuwa hapo lazima serikali itamke. Dodoma ilitamkiwa tarehe 26 Aprili 2018, Siku ya Muungano. Nakuru, kule Kenya, tarehe 1 Desemba 2021. Tanga yetu iliitangulia miji hiyo yote miwili. Nakumbuka nilivyokuwa nikifuta neno Manispaa kwenye mbao na kuandika Jiji. Barabara zilikuwa zilezile, ila herufi zilipungua, na enzi hizo nilikuwa nalipwa kwa herufi.

Ubaya wake ni kwamba ukikikuza kitu, mara nyingi unakitukana. Mwembe mkubwa ni sifa. Jiti ni kero iliyoanguka njiani. Mtu akisema una mdomo mpana, huenda anakueleza tu, lakini akisema una domo, ameanza ugomvi. Mteja mmoja alitaka ubao wa getini. Nikamwambia kawaida ni MBWA MKALI. Akasema hapana, wezi hawaogopi hilo, andika JIBWA KALI. Tazama kilichotokea: ile m ya mkali imeanguka. Wengi wetu tukishasema jibwa, tunaendelea na “linauma” badala ya “anauma”, kana kwamba mnyama ametolewa kwenye orodha ya wenye roho akawekwa pamoja na magari na mawe. Nikauandika. Jioni ubao ukarudi kwa mkono wa mkewe. “Baba, mbwa wetu tumemlea ndani. Si jibwa huyu.” Nikarudisha m zote mbili bila malipo, maana aliniita baba.

Buzi sitaligusa sana. Lilikuwa mbuzi mkubwa tu, mpaka vijana wa mjini walipoanza kusema kuchuna buzi, yaani kumkamua mpenzi mwenye fedha, na sasa mwenye bucha hawezi kuniagiza niliandike.

Jungu, yaani chungu kilichokuzwa, lina bahati mbili. Ndani ya methali limepewa cheo kabisa, jungu kuu halikosi ukoko, kukuzwa na kukuzwa tena. Ofisini, wanaopika majungu hawapiki chakula.

Kinachonishinda mpaka leo ni kigogo. Kwa kanuni hii hii gogo ndilo kubwa, kigogo ni kipande chake. Mbona magazeti yakiwataja wakubwa wa serikali na mabenki yanawaita vigogo? Nahisi aliyeanza alikuwa anacheka.

Juzi kijana mmoja alikuja kibandani, akanipa shikamoo, akaketi juu ya debe la rangi. Amefungua duka jipya karibu na soko, anataka jina la kuwafunika majirani. Upande huu kuna Duka Kubwa, upande ule Duka Kuu. Yeye amefikiri usiku kucha: DUKA KUUKUU.

“Mwanangu,” nikamwambia, “unajua kuukuu ni nini?”

“Si kuu mara mbili, mzee?”

“Ni kilichochakaa. Nguo kuukuu, viatu vikuukuu.”

Akanyamaza. Nikamuuliza anauza nini.

“Mitumba.”

Tukatazamana, kisha akacheka mpaka debe likayumba. Nimeliandika jina hilo jana, kwa rangi nyekundu, herufi za inchi 12.