Je, Wajua? C Mbili Kwenye Meza ya Saluni Mowlem

Je, wajua kwamba zile C mbili zilizopeana migongo, unazoziona kwenye vijisanduku vyeusi katika saluni za Mowlem na Umoja jijini Nairobi, zina zaidi ya miaka mia moja katika biashara ya vipodozi? Mwenye C hizo, fundi wa nguo Gabrielle Chanel, alitoa manukato ya No 5 mwaka 1921. Mwaka 1924 akaingia ubia na Pierre Wertheimer kuanzisha kampuni ya manukato, na rangi za mdomo zikafuata mwaka huo huo. Mkataba ulimwachia mama huyo asilimia 10 tu ya kampuni iliyobeba jina lake. Aliupinga kwa miaka mingi, lakini leo Chanel nzima, nguo na vipodozi, ni mali ya ukoo wa Wertheimer.

Hakuwa fundi wa kwanza wa nguo kuuza harufu. Paul Poiret alimtangulia mwaka 1911, ila manukato yake aliyaita kwa jina la bintiye, Rosine. Waliokuja baadaye hawakufanya hivyo: jina la kwenye gauni ndilo walilobandika kwenye chupa, na jina hilo ndilo linalouzwa mpaka leo.

Kwa nini rangi za vipodozi hubadilika kila msimu? Nyumba ya mitindo hutoa nguo za masika na za vuli za Ulaya, na mara nyingi mkuu wa vipodozi huchota rangi kutoka kwenye vitambaa hivyo. Huchagua chache, nazo hutengenezwa kwa idadi ndogo, zikiisha zimeisha. Wakati wa Krismasi huongezwa nyingine zenye kisanduku cha kumetameta. Haraka ya mnunuzi imepangwa tangu mwanzo.

Wakati mwingine rangi ya msimu hukataa kuondoka. Mwaka 1994 Chanel ilitoa rangi ya kucha iitwayo Rouge Noir, ambayo Mswahili angeiita damu ya mzee iliyokaribia weusi. Mwigizaji Uma Thurman alionekana na kucha za aina hiyo katika filamu ya Pulp Fiction mwaka huo huo, madukani watu wakagombania, na rangi iliyokusudiwa jukwaa la maonyesho ikawa ya kudumu.

Je, wajua kwamba hata idadi ya rangi ni sehemu ya utambulisho? Hermès, iliyoanza mwaka 1837 kwa kutengeneza lijamu na hatamu za farasi, ilitoa rangi zake za kwanza za mdomo mwaka 2020. Zilikuwa 24, kwa sababu duka lake kuu Paris liko namba 24 mtaa wa Faubourg Saint-Honoré, na kila msimu huongezwa tatu za muda. Louis Vuitton ilipoingia mwaka 2025, ikiongozwa na mpambaji Mwingereza Pat McGrath, ilitoa rangi 55. Andika 55 kwa tarakimu za Kirumi upate LV. Kijiti kimoja kilianza kwa dola 160, zaidi ya shilingi 20,000 za Kenya. Pesa hizo hulipa kodi ya bedsita Mowlem na chenji ikabaki.

Je, wajua kwamba nguo za Yves Saint Laurent na rangi ya mdomo ya Yves Saint Laurent zina wenyewe tofauti? Nguo ni za kampuni ya Kering. Vipodozi vimekuwa mikononi mwa kampuni ya L'Oréal tangu 2008. Herufi tatu zilizosukwa pamoja, zilizochorwa na msanii Cassandre mwaka 1961, ndizo zinazomfanya mnunuzi aamini kwamba yote yametoka jiko moja. Na L'Oréal hiyo hiyo ndiyo iliyonunua mwaka 2013 Nice & Lovely kutoka Interconsumer Products, kampuni ya Paul Kinuthia. Mafuta ambayo mama zetu wa Eastlands walitupaka kabla ya kwenda shule yakaingia ukoo mmoja na vijiti vya dhahabu vya Paris.

Halafu kuna jambo la ngozi, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Iman Abdulmajid alizaliwa Mogadishu mwaka 1955. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mpiga picha Peter Beard alipomwona barabarani mwaka 1975, na baada ya muda mfupi alikuwa New York. Katika mojawapo ya kazi zake za mwanzo na jarida la Vogue, mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe. Mwanamke aliyekuwa akivalishwa na mafundi wakubwa wa dunia hakuwa na rangi ya kumtosha katika sanduku zima. Akaanza kuchanganya mwenyewe, na mwaka 1994 akafungua kampuni yake, Iman Cosmetics.

Wapambaji wa Mowlem wanaijua kazi hiyo vizuri. Mzoefu hamalizi kumpamba bibi harusi chini ya taa ya saluni. Humtoa mpaka mlangoni kwenye mwanga wa jua, akakamua kahawia mbili kwenye mgongo wa mkono wake, akazichanganya kwa kidole, akagusa taya, akatazama shingo, akaongeza tone la ile nyeusi zaidi mpaka uso na shingo vishikane. Kalenda yake pia si ya Paris. Misimu yake ni harusi za Agosti na Desemba, sherehe za mahari (ruracio) na mahafali, na rangi anazozihitaji ni zile zile mwaka mzima.

Ilichukua mpaka 2017 ndipo Rihanna, kwa ubia na LVMH, wenye Louis Vuitton na Dior, atoe Fenty Beauty ikiwa na faundesheni 40 kwa mkupuo. Kenya iliipata rasmi tarehe 27 Mei 2022. Lakini Suzie Wokabi na SuzieBeauty yake, na Nelly Tuikong na Pauline Cosmetics, walikuwa wameshaanza kuuza rangi zilizokusudiwa ngozi za hapa. Kwangu hao ndio waliostahili vichwa vya habari.

Nyuso zetu, kwa upande wao, zilifika mapema kuliko rangi. Malaika Firth, mzaliwa wa Mombasa, alitangaza nguo za Prada mwaka 2013. Adut Akech, aliyeishi utotoni katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alifunga onyesho la Chanel la Julai 2018 akiwa bibi harusi, nafasi ambayo mwanamitindo mweusi mmoja tu, Alek Wek, alikuwa ameipata kabla yake.

Je, wajua kwamba ndani ya No 5 mna langilangi? Ni ua lile lile ambalo wanawake wa Zanzibar hulitia kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani. Visiwa vya Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta yake duniani.

Na wekundu wa mdomo? Geuza kisanduku usome maandishi madogo. CI 75470 ni rangi inayotokana na wadudu wadogo wa dungusi kakati, ambao hukaushwa na kusagwa. CI 77491 ni oksidi ya chuma, ndugu wa udongo mwekundu ambao morani wa Samburu hujipaka kichwani. Nambari kama hizo unaweza kuzikuta kwenye kijiti cha bei kubwa na kwenye cha bei ndogo.

Usichoweza kukisoma ni kilichomo kwenye bidhaa bandia. Mkataba wa Minamata ulizipa nchi mpaka 2020 kuondoa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, na Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu 2008, lakini anayeghushi C mbili haogopi kughushi orodha ya viungo pia. Hivyo ukinunua Dubois Road au dukani kwako Mowlem, tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kwenye bidhaa iliyotengenezwa nchini, soma nambari ya kibali iliyo chini yake. Tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023, usubiri jibu kabla ya kutoa pesa. Likija jina la kampuni au bidhaa tofauti na iliyo mkononi mwako, rudisha kijiti mezani.