Jinsi Mtu Anavyopotewa na Kwao

Ni mara chache mtu mzima kupotewa na makao yake kwa siku moja. Mara nyingi hupotewa nayo kidogo kidogo, hata uzee ukimfikia hana pa kulaza kichwa.

Watazameni watu wa Rungwe waliokwenda kazi mbali. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na wanaume wengi wa Tukuyu na vijiji vyake walikwenda huko. Wengine walivuka mpaka wakafika machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo Zambia tangu mwaka 1964. Wengi walirudi na nguo, fedha na ng'ombe. Lakini wako wasiorudi.

Kwanza, mtu alikosa akiba, akaona haya kurudi mikono mitupu, akasema, "Nitakwenda mwakani." Pili, barua zake zikapungua, kisha zikakoma. Tatu, shamba lake la migomba likapewa mwingine. Maana kwa desturi ya Wanyakyusa ardhi ilikuwa ya wale wakaao kijijini na kuilima, nayo Rungwe ina watu wengi. Nne, wazazi wake wakafa, wakabaki watoto wasioujua uso wake.

Huko machimboni alikaa katika nyumba ya kampuni. Nguvu zilipokwisha, kazi ilikwisha, na nyumba ikapewa mwenye kazi. Basi akawa hana makao huko, wala kwao hana.

Hata leo njia ni hiyo hiyo. Kijana atokaye Bagamoyo ya Tukuyu, akapanga chumba Mbeya au Dar es Salaam, hukaa vema akiwa na nguvu. Ugonjwa, kufiwa na mwenzi wake, au ugomvi wa urithi waweza kumwangusha akiwa mzee. Serikali ina makazi ya wazee wasio na jamaa, kama Nunge ya Dar es Salaam na Fungafunga ya Morogoro, lakini hayawezi kuwapokea wote.

Kwa hiyo, mwonapo mzee alalaye barazani pa duka, msiseme upesi kwamba alikuwa mvivu. Pengine haya ndiyo iliyomfunga. Mwenye ndugu ugenini na ampelekee salamu, amwambie ya kuwa atapokewa hata akija mikono mitupu. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.