Resori za nyuma za trisikle: ngumu kupita kiasi nayo inaharibu mavuno



Kutoka Kapalata mpaka masoko ya Kisangani, trisikle imechukua sehemu kubwa ya kazi ambayo zamani ilifanywa na kichwa cha mama na kinga. Inabeba muhogo, makemba, lengalenga, bidoni za mawese, na mara nyingi watu wamekaa juu ya mizigo. Resori za nyuma zikiwa mbaya, nyanya zinafika sokoni zimepondeka, mama anashuka mgongo unamuuma, na sanduku la koperative linalipa chasi iliyopasuka.

Vitu viwili, kazi mbili

Resori, vile vyuma bapa vilivyopangana chini ya kasha, ndiyo inabeba uzito. Amotisere, ile pompi yenye mafuta ndani, haibebi. Kazi yake ni kutuliza resori isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Kwa hiyo trisikle iliyolala nyuma haitainuka kwa amotisere mpya. Na trisikle inayorukaruka haitatulia kwa kuongezewa vyuma.

Ili kujua amotisere iko nzima, watu wawili wakandamize kasha tupu kwa nguvu, kisha waachie. Ikipanda mara moja na kutulia, ni nzima. Ikicheza mara mbili, tatu, imechoka. Mafuta yakitoka pembeni, usingoje.

«Weka tu chuma ingine, itabeba»

Maneno haya tunayasikia sana garajini. Ongeza, lakini kwa hesabu. Resori yenye vyuma 5 vinavyofanana, ukiongeza cha 6, ugumu unapanda kama sehemu moja ya tano. Lakini unene ni jambo lingine: kwa urefu na upana ule ule, chuma cha milimita 8 ni kigumu zaidi ya mara mbili kuliko cha milimita 6.

Tena, resori ngumu haiongezi nguvu ya breki, ya mipira, wala ya chasi. Hizo zinabaki na uzito wa kiwandani. Na wakati wa kurudi bila mzigo, resori ngumu inarusha kasha kila shimo. Kwenye kona, trisikle inaweza kupinduka. Hivyo chagua resori kwa mzigo wa kila siku, isiwe kwa ule wa siku moja ya mavuno makubwa. Siku hiyo, piga safari mbili.

Pima kwanza

1. Jua uzito. Bidoni ya lita 20 ya mawese ina karibu kilo 18. Magunia 6 ya kilo 50 ni kilo 300. Hesabu watu pia. Jumla isipite ile iliyoandikwa kwenye karatasi za trisikle.

2. Simamisha trisikle tupu mahali tambarare. Pima nafasi kati ya ekseli na chasi. Pakia mzigo wa kawaida, pima tena.

3. Kama haikushuka hata kidogo, resori ni ngumu mno. Kama ekseli imekaribia kugusa, resori imechoka au mzigo umezidi. Ikishuka vizuri na kubaki nafasi ya vidole vitatu hivi, iko sawa.

Wakati wa kununua

Vipande vinatufikia kwa mashua kutoka Kinshasa au kwa barabara kutoka mashariki, na vinavyofanana kwa macho havilingani kila mara. Nenda na kile cha zamani mkononi. Linganisha urefu kutoka tundu hadi tundu, upana wa tundu, na idadi na unene wa vyuma. Amotisere fupi inavutika mpaka mwisho wake. Ndefu inagonga chini na kuvunjika.

Badilisha kulia na kushoto pamoja, la sivyo kasha litalala upande. Chuma kilichovunjika usikichomeleshe: moto unaondoa ugumu wake, na kitavunjika tena pembeni ya weldi. Baada ya safari za kwanza zenye mzigo, kaza tena boloti zinazoshika resori kwenye ekseli.

Kwenye mkutano ujao, wekeni daftari moja ya trisikle: tarehe, kilo zilizopakiwa, kipande kilichobadilishwa, bei. Hapo shofere akikataa gunia la ziada, daftari itamtetea, na hakuna atakayesema ni mvivu.