Ukuta Unaobabuka Chini: Tafuta Maji Kabla ya Kununua Rangi

Kila masika yakiisha, mafundi rangi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huitiwa kazi ya aina moja: ukuta wa sebuleni umevimba kwa chini, rangi imebabuka, plasta inamung'unyika na kumwaga unga mweupe sakafuni. Mwenye nyumba huagiza sehemu hiyo ikwanguliwe, ipigwe plasta mpya ya saruji, kisha ipakwe rangi ya mafuta. Masika yanayofuata tatizo hurudi, mara nyingi likiwa limepanda juu zaidi, kwa kuwa kilichotibiwa ni alama tu. Maji yenyewe hayakuguswa.

Tofali la saruji, tofali la kuchoma na jiwe la matumbawe vyote vina vitundu vidogo mno vinavyonyonya maji ya ardhini na kuyapandisha kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Kwa kawaida maji hayo hayapandi sana zaidi ya mita moja, kwa sababu huku yakipanda, huku yanakauka kupitia uso wa ukuta. Yakikauka huacha chumvi yaliyoibeba kutoka ardhini au kwenye mchanga wa ujenzi. Chumvi hiyo hujikusanya nyuma ya rangi, hufanya chembe ngumu, nazo zikikua huisukuma rangi pamoja na plasta mpaka vibanduke. Ndiyo maana nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa baharini husumbua zaidi: chumvi yake huvuta unyevu hata kutoka hewani.

Plasta nzito ya saruji na rangi ya mafuta huzuia ukuta kukauka. Maji hayaondoki, hupanda mpaka juu ya mahali palipozibwa, au hutokea upande wa pili. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huruhusu mvuke kutoka. Kuta hizo zinapokarabatiwa kwa saruji, unyevu hunaswa ndani na mawe huanza kulika.

Kabla ya kutoa fedha, bainisha chanzo. Unyevu unaoanzia sakafuni na kuishia kwenye mstari unaokaribia kunyooka, karibu na urefu wa mita moja au chini yake, mara nyingi hutoka ardhini. Doa la juu, karibu na dari au dirisha, huashiria paa au fremu inayovuja. Doa linalokua hata kiangazi, karibu na bafu au jiko, shuku bomba: funga koki zote za nyumba, kisha itazame mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja. Ukungu mweusi nyuma ya kabati, pasipo unga wa chumvi, kwa kawaida hutokana na hewa nzito isiyozunguka. Hapo fungua madirisha na usogeze kabati mbali na ukuta.

Ikiwa maji yanatoka ardhini, anza nje, ambako gharama ni ndogo. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 za mvua hukusanya lita 5,000. Pasipo gata, maji hayo yote huanguka kando ya msingi. Yakinge, uyapeleke kwenye tangi au mtaro. Ardhi inayoizunguka nyumba iteremke kuelekea nje, angalau sentimita 15 ndani ya mita tatu, na bustani ya kumwagilia isikae ukutani.

Halafu kagua DPC, lile tabaka lisilopitisha maji linalolazwa juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta. Inapaswa kuwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Wengi hujenga sawasawa, kisha miaka michache baadaye humwaga kifusi na kupanga pevingi uani mpaka wakaifunika. Maji huipita kwa juu na kuingia ukutani. Plasta ya nje iliyoshushwa mpaka ardhini huleta madhara yaleyale.

Kwa anayejenga sasa, chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, tandika nailoni nzito ya geji 1000 juu ya mchanga wa kusawazisha, vipande vyake vipishane sentimita 30, visitobolewe na nondo, na viungane na DPC ya ukuta. Jamvi likishamwagwa, kosa lolote la nailoni hiyo halirekebishiki kwa bei nafuu.

Ukisharekebisha nje, kwangua plasta iliyolegea na usugue chumvi kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji itarudi ndani. Kisha acha ukuta ukauke. Makadirio yanayotumika ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo tofali la inchi sita linaweza kuhitaji takriban miezi sita. Baada ya hapo piga plasta na upake rangi ya maji. Kama fedha ni chache, mlipe kwanza fundi wa gata na mtaro. Fundi rangi asubiri zamu yake.