JE, WAJUA? Insulini Inavyoweza Kumnyima Kifaranga Mkia

Yai linaloatamiwa na kuku wa kienyeji huko Karagwe au Kyerwa lina sukari isiyofika hata gramu moja. Kiinitete huanza maisha kwa akiba hiyo ndogo, kisha hutegemea zaidi mafuta ya kiini cha njano mpaka siku ya 21. Mbuzi humlisha mwanawe tumboni hadi azaliwe. Kuku akishataga, hana cha kuongeza isipokuwa joto.

Sasa sukari hiyo ikishushwa? Mwaka 1945, Walter Landauer, mtaalamu wa urithi wa kuku nchini Marekani, alieleza matokeo ya kudunga insulini, homoni inayoshusha sukari, ndani ya mayai. Ilipodungwa mapema sana, vifaranga walikosa mkia. Ilipodungwa siku chache baadaye, miguu ilidumaa na mdomo ukapinda. Mwenzake Edgar Zwilling alionyesha mwaka 1948 kwamba viinitete vyenye miguu iliyodumaa vilikuwa na upungufu wa sukari kwenye damu. Ajabu ni kwamba nikotinamidi, aina ya vitamini B3, ilipunguza madhara hayo.

Hata hivyo insulini si adui. Kiasi chake kidogo sana kimo ndani ya yai lenyewe, na kiinitete kikinyimwa hukua polepole.

Kwa hiyo ukimwona kuku asiye na mkia uani kwako, Kayanga au Nkwenda, usimtafute aliyemdunga sindano. Kukosa mkia hurithiwa pia, kutoka kwa jogoo au tetea.